VIDOLE VIWILI VYA DJANGO

SEHEMU YA 1



Leo naomba tuache kidogo habari za chanjo na homa za usiku. Nataka niwasimulie historia ya mpiga gitaa mmoja. Najua mtasema, "Sista leo kaamkaje?" Subirini, mtaona inakoelekea.

Kuna mama mmoja alinishika mkono kwenye korido, siku nimetoka zamu. (Mambo mengine nimeyabadilisha ili asijulikane.) Mwanawe wa miaka mitatu alitumbukiza mkono kwenye sufuria ya uji. Kidonda kimepona, ngozi imefunga, lakini vidole viwili vimeanza kujikunja kuelekea kiganjani. Akaniuliza, "Sista, niambie ukweli. Huyu ataweza kushika kalamu?"

Nilimjibu yale tunayojibu siku zote: tuendelee na kliniki, tuendelee na mazoezi. Majibu sahihi kabisa, lakini usoni niliona hayajamfikia. Usiku nikiwa nakunja nguo za watoto, simu yangu inapiga muziki, likaja gitaa la Django Reinhardt. Nikasema, kumbe jibu nilikuwa nalo ndani ya simu.

Jina lake tamka "Jango", hiyo D iache ilale. Na nikisema jazi, usiende kwenye bendi zetu kama Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, ingawa hata huko gitaa ndilo lilikuwa mfalme. Hii ni jazi ya Paris ya miaka ya 1930.

SEHEMU YA 2: MTOTO WA NYUMBA YA MAGURUDUMU

Django alizaliwa tarehe 23 Januari 1910 huko Liberchies, Ubelgiji. Watu wake ni Waroma wa kundi la Manouche, watu wa safari, ambao nyumba yao ilikuwa gari la mbao lenye magurudumu. Utoto wake mwingi aliumalizia kwenye kambi za pembezoni mwa Paris. Shule hakuisoma. Ukubwani hata kuandika jina lake ilibidi afundishwe, na muziki wa kuandikwa karatasini hakuujua mpaka anakufa. Alikuwa anapiga kwa sikio.

Alipofika miaka 12 hivi alipewa chombo cha nyuzi, nusu banjo nusu gitaa. Akawa anatazama vidole vya wakubwa, anaiga. Haukupita muda akawa analipwa kupiga kwenye kumbi za dansi, nyuma ya wapiga akodiani. Hapa pana jambo la kukumbuka: kumbi zile zilikuwa na kelele na spika hakuna. Ukitaka usikike, mkono wa kulia lazima upige nyuzi kwa nguvu. Nguvu ile haikumtoka maisha yake yote.

Mwaka 1928 alirekodi kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka 18. Kwenye lebo ya santuri jina lake likaandikwa "Jiango Renard". Nani angelisahihisha, na mwenyewe hasomi?

Mwaka huo huo Jack Hylton, kiongozi wa bendi kubwa ya Uingereza, alimsikia na kutaka kumchukua. Kijana ana mke, Bella, na mke ni mjamzito. Kazi ya maana ndiyo hiyo imebisha hodi. Wewe mwenye familia changa unajua raha ya habari kama hiyo.

SEHEMU YA 3: USIKU WA MOTO

Bella alikuwa anatengeneza maua ya kuuza. Siyo maua ya shamba, ni ya seluloidi, plastiki ya zamani inayoshika moto kama petroli. Gari lao, nyumba yao, lilikuwa limejaa maua hayo. Usiku mmoja mwishoni mwa 1928 Django amerudi kutoka kazini, mshumaa ukadondoka. Basi.

Alijifunika blanketi, wakatoka wote wawili wakiwa hai. Lakini upande wa kulia wa mwili wake uliungua vibaya, na mkono wa kushoto pia. Mguu mmoja madaktari walitaka kuukata. Akakataa.

Sasa nisome kama nesi. Septemba ya mwaka huo huo, kule London, Alexander Fleming ndiyo kwanza anaona ule ukungu uliokuja kutupa penisilini, na ilibidi kupita miaka zaidi ya kumi kabla dawa yenyewe kuwafikia wagonjwa. Kwa hiyo Django alilala na vidonda vya moto katika dunia isiyo na antibiotiki. Kupona tu ilikuwa bahati kubwa.

Mguu ulibaki. Mkono wa kushoto ndio ulioleta kilio. Kwa mpiga gitaa anayetumia kulia, mkono wa kushoto ndio unaotafuta noti kwenye shingo ya gitaa. Kidole cha pete na kidole kidogo viliharibika. Ngozi ya nyuma ya mkono ni nyembamba sana, na chini yake tu zinapita kano zinazonyoosha vidole. Moto ukifika pale, na kovu likikomaa, vidole vinavutwa na kukaa vimejikunja. Ni kitu kile kile alichokiona yule mama wa korido.

Fanya jaribio. Nyoosha mkono wako wa kushoto, kisha kunja kidole cha pete na kidole kidogo, usivifungue. Sasa msuke mtoto. Au funga nepi. Umeona?

SEHEMU YA 4: GITAA KITANDANI

Django alikaa kwenye kuuguza majeraha yale kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Katika kipindi hicho mdogo wake Joseph, naye mpiga gitaa, alimletea gitaa.

Mama, hapo mimi huwa nasimama. Mgonjwa amelala, mkono uko vile, na mtu wa nyumbani kwake anamwekea gitaa mapajani. Wengine tungeficha gitaa ili asilie akiliona. Joseph alilileta.

Nikiangalia kwa macho ya kazi yangu, lile gitaa lilikuwa mazoezi ya viungo. Vidole vinavyochezeshwa kila siku, kidogo kidogo, kwa miezi. Vidole viwili vibovu havikurudi. Lakini vile viwili vizima, cha shahada na cha kati, vilijifunza kazi ya vinne.

Mtoto wao wa kiume alizaliwa 1929, Henri, aliyeitwa Lousson kwa jina la utani. Ndoa yenyewe haikudumu. Nalisema hili ili historia isiwe tamu kupita kiasi. Moto huunguza na mengine ndani ya nyumba.

SEHEMU YA 5: SASA MSIKILIZE

Kuna siku kule Toulon, mwaka 1931, msanii Émile Savitry alimpigia santuri za Louis Armstrong. Django aliguswa sana, na jazi ikamwingia moja kwa moja. Mwaka 1934 akaanzisha na mpiga fidla Stéphane Grappelli kundi la Quintette du Hot Club de France. Watu watano: fidla moja, besi moja, na magitaa matatu, moja wapo likiwa mikononi mwa Joseph. Ngoma hakuna hata moja. Magitaa mawili ya rithimu ndiyo yaliyokuwa ngoma, yanapiga mkato-mkato kama mtu anayepiga pampu, na Wafaransa mtindo huo waliuita hivyo hivyo: pampu.

Juu ya pampu hiyo ndipo linaingia gitaa la solo la Django.

Mpiga solo mwenye vidole vinne anaweza kukaa sehemu moja ya shingo na kuvuka kutoka uzi mmoja kwenda mwingine, kila kidole kina noti yake. Django hakuwa na anasa hiyo. Kwa vidole viwili ilibidi akimbie. Mkono mzima unapanda na kushuka kwenye shingo ya gitaa, noti mbili hapa, mbili pale, juu zaidi, juu zaidi, mpaka unahisi shingo itaisha. Ndiyo maana solo zake zina mwendo ule wa mtu anayepanda ngazi mbio na kushuka kwa kuteleza. Mahali pengine kidole kimoja kinateleza juu ya uzi, kinagusa kila noti njiani kwa kasi hata huwezi kuzihesabu.

Na vile vidole vilivyojikunja? Hakuvitupa. Alipotaka kupiga noti nyingi kwa pamoja, alivibandika kwenye nyuzi mbili nyembamba za mwisho. Vinakaa pale pale vilipokunjamana, vinabana, basi, vimefanya kazi yao. Kwa hiyo hata sauti za pamoja za Django zina umbo la mkono wake. Wapigaji wenye mikono mizima wanaojifunza mtindo wake leo hulazimika kuamua: watumie vidole vyote, au wajizuie wabaki na viwili ili sauti ifanane.

Sikiliza "Minor Swing" ya 1937. Anaanza taratibu, kama anakusalimia tu, halafu anaongeza. Kasi ipo, lakini siyo kasi pekee. Kuna noti moja moja anaishika na kuitikisa hadi inatetemeka kama sauti ya mtu anayezuia machozi. Halafu sikiliza "Nuages", aliyorekodi 1940 Paris ikiwa chini ya Wajerumani. Pale anapiga pole pole, ananyamaza katikati ya sentensi, na ule ukimya nao unaingia kwenye wimbo. Wanazi walikuwa wanawaua Waroma wa Ulaya kwa malaki. Yeye alijaribu kukimbilia Uswisi akashindwa kuvuka, akarudi Paris, akapiga gitaa, akanusurika.

Mwaka 1946 alikwenda Marekani kufanya ziara na Duke Ellington. Alifariki tarehe 16 Mei 1953, damu ilivuja kwenye ubongo, akiwa na miaka 43 tu. Miaka ya baadaye, kijana wa Birmingham aitwaye Tony Iommi alikatwa ncha za vidole na mashine kiwandani. Bosi wake alimpelekea santuri ya Django. Iommi alirudi kwenye gitaa na akaja kuwa mpiga gitaa wa Black Sabbath.

SEHEMU YA 6: TURUDI KORIDO

Naomba nisieleweke vibaya. Moto haukumpa Django kipaji. Alikuwa nacho tangu yuko mtoto, na moto ulijaribu kukichukua. Sitaki kusikia mtu anamwambia mama mwenye mtoto aliyeungua, "Mungu ana makusudi, mwanao atakuwa kama Django." Mwambie pole, kisha umsaidie nauli ya kliniki.

Na kwa kuwa naongea na akina mama, siwezi kuondoka bila haya. Mtoto akiungua, haraka chini ya maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20. Vua pete, bangili na nguo, ila iliyogandia kwenye ngozi iache. Usipake dawa ya meno, yai, mafuta wala majivu. Funika kwa kitambaa safi, nenda kituo cha afya. Mkono, uso, viungo na sehemu za siri haviangaliwi nyumbani hata kama kidonda ni kidogo.

Ngozi ikishafunga, kazi ndiyo inaanza. Kovu linaendelea kuvuta kwa miezi mingi. Ukiona vidole vinajikunja usingoje, rudi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakuonyesha jinsi ya kunyoosha na kukanda, na kama linahitajika banzi la usiku atalitengeneza. Wengine huhitaji upasuaji. Mtoto atalia kwenye mazoezi. Nawe utatamani kumwacha apumzike leo tu, na kesho tu. Hapo ndipo mkono unapopotea.

Yule mama nilimwona tena. Nilimsimulia habari za Django pale pale kwenye benchi, nikamwekea wimbo kwenye simu. Akasikiliza, akauliza, "Huyu ana vidole viwili?" Nikamwambia viwili vya kukimbia, na viwili vya kubana. Akanyamaza, akaurudia wimbo kuanzia mwanzo.

Mtaalamu alikuwa amemwambia mtoto akande kitu laini. Siku hizi mama akikanda unga wa chapati anamkatia donge lake, mtoto analiminya, analivuta, analibandika ukutani, anagombezwa. Kidole kimoja kimefunguka zaidi. Kingine bado kibishi. Kama atashika kalamu vizuri, sijui, na mama sikumdanganya. Donge la unga analo mkononi kila jioni.

Leo ukipika, weka "Minor Swing". Likianza gitaa la solo, tazama mkono wako wa kushoto.

Kama una mtoto mwenye kovu la moto na ulishakata tamaa na kliniki, niandikie inboksi. Tutazungumza.