Daftari la Muuguzi

Kazi ya muuguzi hujulikana na watu kwa dalili zake za nje: vazi safi, kitambaa cha kufungia jeraha, dawa iliyopimwa, na mkono wa upole kitandani pa mgonjwa. Walakini kipo chombo kingine cha kazi hiyo ambacho hakitajwi mara nyingi, nacho ni daftari. Muuguzi aingiaye katika nyumba za maskini huona mambo ambayo daktari wa mjini hayaoni, na ayaonayo huyaandika: nani amezaliwa, nani amekufa, na kwa sababu gani. Maandishi hayo yaweza kuokoa maisha ya watu wengi. Yaweza vile vile kuwa chombo cha dhuluma. Basi, msomaji, zitafakari habari mbili za nchi moja, zilizotukia katika kizazi kimoja, upate kujua tofauti hiyo yatoka wapi.

Habari ya kwanza ni ya milima ya mashariki ya jimbo la Kentucky, nchini Marekani. Mary Breckinridge, muuguzi aliyezaliwa mwaka wa 1881, alifiwa na watoto wake wawili: binti aliyekufa mara baada ya kuzaliwa, mwaka wa 1916, na mwana wa miaka minne, mwaka wa 1918. Msiba huo ulimwelekeza katika kazi ya maisha yake, yaani kuwalinda mama na watoto wachanga. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alihudumu Ufaransa, katika vijiji vilivyobomolewa na mizinga. Kisha, katika mwaka wa 1923, alipanda farasi akazunguka milima ya Kentucky mwendo wa maili 650 hivi, akiwahoji wakunga 53 wa vijijini juu ya kazi yao. Mabonde yale hayakuwa na barabara njema, na daktari alikuwa mbali. Alipokwisha kuona, alikwenda Uingereza kusomea ukunga, akarudi, na mwaka wa 1925 akaanzisha katika wilaya ya Leslie huduma ya wauguzi wakunga waliosafiri kwa farasi. Mwaka wa 1928 huduma hiyo ilipewa jina la Frontier Nursing Service.

Angalia jambo walilolitanguliza. Kabla huduma haijaenea, vizazi na vifo vya wilaya ile vilichunguzwa nyumba kwa nyumba, kwa kuwa vingi havikuwa vimeandikishwa popote. Maana asiyejua idadi ya waliokufa jana hatajua kesho kama ameokoa mtu. Tangu hapo wauguzi walivuka mito katika mvua na theluji. Aliyekosa fedha ya ada ndogo iliyotozwa alilipa kwa mazao au kwa kazi ya mikono yake. Na kila ziara iliandikwa. Kumbukumbu za uzazi 1,000 wa kwanza zilipelekwa kwa mabingwa wa takwimu wa kampuni ya bima ya Metropolitan Life. Mwaka wa 1932 walitoa jibu: hakufa mwanamke hata mmoja kwa sababu iliyotokana moja kwa moja na mimba au kuzaa. Wakaongeza kusema kwamba kama wanawake wote wa Marekani wangepata huduma ya namna ile, mama 10,000 wangeokolewa kila mwaka. Watu ambao taifa lilikuwa limewasahau wakawa mfano wa kufundisha taifa zima.

Mwaka ule ule wa 1932, upande wa kusini, katika wilaya ya Macon, jimbo la Alabama, daftari la namna nyingine lilifunguliwa. Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilikusanya wanaume weusi wapatao 600, aghalabu wakulima maskini waliolima mashamba ya wengine. Kati yao 399 walikuwa na kaswende, na 201 hawakuwa nayo. Wagonjwa hawakuambiwa ugonjwa wao; waliambiwa tu kwamba wana damu mbaya. Waliahidiwa matibabu maalumu bila malipo, kumbe walichofanyiwa ni kuchomwa sindano ya uti wa mgongo ili wapimwe. Shabaha ya uchunguzi ilikuwa kutazama jinsi ugonjwa unavyomla mtu asiyetibiwa, hata siku ya kufa kwake, na baada ya hapo kuupasua mwili wake.

Aliyewaunganisha watu hao na madaktari alikuwa muuguzi Eunice Rivers, mwanamke mweusi aliyesomea Tuskegee, katika wilaya ile ile. Aliwachukua kwa motokaa, aliwazuru nyumbani, alijua majina ya watoto wao, na walipokufa aliwaomba jamaa zao ruhusa ya kuupasua mwili, akiwaahidi msaada wa gharama za maziko. Wengi walimpenda na kumwamini. Penisilini ilipokuwa dawa ya kawaida ya kaswende, katika miaka ya 1940, wanaume wale hawakupewa. Uchunguzi ulidumu miaka 40. Ulikoma mwaka wa 1972, magazeti yalipoufichua. Kumtwika mwanamke mmoja mzigo wa serikali nzima si haki, kwani amri zilitoka kwa wakubwa wake. Lakini pasipo imani ambayo watu walikuwa nayo kwake, kazi ile isingalidumu muda mrefu hivyo.

Wahenga walisema kwamba mnyonge hana haki. Walieleza waliyoyaona, hawakuamuru iwe hivyo. Katika Kentucky na Alabama pia muuguzi alipita katika matope, alipokewa kwa heshima, na aliandika kwa uangalifu. Bidii ilikuwa moja. Lakini katika Kentucky kila tarakimu ilidai tendo: mama akionekana yu hatarini, alihudumiwa. Katika Alabama tarakimu ilijitosheleza yenyewe, na tendo lilizuiwa ili tarakimu isiharibike. Kule daftari lilimtumikia mgonjwa. Huku mgonjwa alilitumikia daftari.

Aibu ya Tuskegee ilizaa sheria. Mwaka wa 1974 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kuwalinda watu wanaochunguzwa, na mwaka wa 1997 Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa, mbele ya wazee wachache waliokuwa wangali hai. Leo katika nchi nyingi, na Kenya ikiwa mojawapo, uchunguzi wa afya juu ya wanadamu hupelekwa kwanza mbele ya kamati ya maadili, na mtu anayechunguzwa hana budi kuelezwa na kukubali kwa hiari yake.

Huenda wewe usomaye utakuwa muuguzi. Huenda utakuwa yule anayegongewa mlango na mgeni mwenye hojaji mkononi. Kwa vyovyote vile yakupasa kuuliza, au kuwa tayari kujibu, maswali matatu: Wataka kujua nini? Ukiona nina ugonjwa, utaniambia? Na ikiwa dawa ipo, utanipa? Mchunguzi mwema huyajibu kabla hajafungua daftari lake.