Lamaiywet, mti unaolinda kingo za mito Soin

MZAMBARAU-MWITU ni mti wa asili ya Afrika unaomea kando ya mito na penye majimaji. Wakipsigis wa Kericho na Bomet huuita lamaiywet. Wataalamu wa mimea huutambua kwa jina la Syzygium guineense.

Ukoo wake una zaidi ya spishi 1,000, nyingi zikiwa za Asia na Australia, zikiwemo zinazostawi katika misitu ya mabwawa na kingo za mito. Mkarafuu wa Zanzibar na mzambarau wa kawaida ni ndugu zake walioletwa kutoka Asia. Lamaiywet haukuletwa na mtu.

Mti huu huweza kufikia kimo cha mita 15 au zaidi. Majani yake hukaa mawili mawili yakielekeana, na maua yake meupe huvutia nyuki. Tunda lake la rangi ya zambarau iliyokoza lina kokwa moja, nalo huliwa na watu, ndege na nyani.

Eneo la Soin, katika kaunti ya Kericho, liko chini ya nyanda za majani chai, katika bonde la Mto Nyando. Mvua kubwa inyeshapo milimani, mto huo hubeba maji na udongo hadi Uwanda wa Kano, ambako mafuriko huwahamisha watu, na hatimaye Ziwa Victoria. Mizizi ya miti ya asili ndiyo hushikilia kingo zisimomonyoke.

Hata hivyo, viwanda vya majani chai hutumia kuni kukaushia majani, na mkaratusi hupendwa kwa kuwa hukua haraka. Katika sehemu nyingi ulipandwa hadi ukingoni mwa maji, mahali pa miti ya asili. Mwaka wa 2009, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe karibu na vyanzo vya maji.

Kuurejesha lamaiywet kunahitaji wepesi. Mbegu zake hupoteza uwezo wa kuota zikikauka, hivyo hupandwa zingali mbichi, mara tu nyama ya tunda inapoondolewa. Haziwezi kuwekwa ghalani kama mahindi, zikingoja msimu mwingine. Kwa hiyo ghala lake ni miti michache iliyosalia mtoni, na anayeukata wa mwisho ukingoni mwake huwa ameimaliza na mbegu.