Coulée de Serrant: Mvinyo unaotegemea uhai wa udongo

KATIKA kijiji cha Savennières, karibu na mji wa Angers magharibi mwa Ufaransa, kuna mteremko wa mizabibu unaoutazama mto Loire. Ukubwa wake ni hekta 7 tu, takriban ekari 17. Hata hivyo, mvinyo mweupe unaotoka hapo, Coulée de Serrant, huhesabiwa miongoni mwa ile bora kabisa nchini humo.

Mizabibu ya kwanza ilipandwa hapo na watawa wa Cistercian mnamo 1130. Katika karne ya 20, Curnonsky, mwandishi mashuhuri wa masuala ya mapishi, aliutaja mvinyo huo kati ya mitano myeupe iliyo bora zaidi Ufaransa.

Kwa mujibu wa sheria za nchi hiyo, mvinyo hubeba jina la mahali ulikotoka iwapo tu zabibu zake zimekuzwa ndani ya mipaka iliyowekwa. Aghalabu mipaka hiyo hujumuisha mashamba ya wakulima wengi. Ya Coulée de Serrant ina mmiliki mmoja tu, familia ya Joly, iliyolinunua shamba hilo mwanzoni mwa miaka ya sitini.

Zabibu zinazotumika ni za aina ya chenin blanc, ambayo leo hulimwa kwa wingi zaidi Afrika Kusini kuliko Ufaransa kwenyewe. Udongo wa Savennières ni mwembamba, juu ya mwamba wa shisti, hivyo mavuno ni haba. Zabibu huchumwa kwa mikono na kwa awamu kadhaa, ili zitwaliwe zile zilizoiva barabara pekee.

Urithi huo nusura uharibike. Mnamo 1977, Nicolas Joly aliacha kazi ya benki aliyoifanya New York na London, akarejea kulisimamia shamba la wazazi wake. Alishauriwa kutumia dawa za kuua magugu ili kupunguza gharama, naye akatii. Kwa maelezo yake, haukupita muda mrefu kabla ya udongo kubadilika rangi na wadudu kutoweka.

Ndipo alipokumbana na mafundisho ya Rudolf Steiner, mwanafalsafa aliyetoa mihadhara kuhusu kilimo mnamo 1924. Kufikia 1984, shamba lote lilikuwa limeingizwa katika kilimo cha bayodainamiki. Mbolea na dawa za viwandani ziliachwa. Samadi hujazwa katika pembe za ng'ombe na kufukiwa majira ya baridi, kisha huchanganywa na maji na kunyunyizwa shambani. Kalenda ya kazi hufuata mwezi na sayari. Penye mteremko mkali, farasi ndiye hulima.

Wanasayansi wengi wanasema hakuna ushahidi kwamba pembe au mwezi huongeza chochote, na kwamba faida inayoonekana huenda inatokana na mbolea asilia na uangalizi wa karibu. Joly hakuyumba. Mnamo 1997 alichapisha kitabu kuhusu kilimo hicho, na mwaka wa 2001 akaanzisha chama cha wakuzaji mizabibu wenye msimamo kama wake.

Hoja yake kuu haihitaji imani katika sayari. Jina la mahali, asema, ni ahadi kwa mnywaji kwamba ladha imetoka kwenye ardhi hiyo na si kwingineko. Udongo ukifa, mizizi hutegemea mbolea ya gunia, ladha hutengenezwa kiwandani, na jina lililo kwenye chupa huwa ni jina tupu.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Kazi ya kuutengeneza mvinyo huo imemwangukia Virginie, bintiye Joly, naye hajaurudisha mteremko wa watawa kwenye dawa ambazo babake alizitupa.