Gwanggaeto Mkuu: Mfalme wa Korea aliyeteka ngome 64, akaacha jiwe linalogombaniwa hadi leo

Katika mji wa Ji'an, kaskazini mashariki mwa China, kuna jiwe lenye urefu wa mita 6.39 na uzito wa takriban tani 37. Pande zake zote nne zimejaa maandishi. Limesimama hapo tangu mwaka 414, na linasimulia habari za Gwanggaeto, mfalme wa 19 wa dola ya Goguryeo.

Gwanggaeto alitawala kwa takriban miaka 22 tu na akafariki kabla ya kufikisha 40. Lakini ndani ya muda huo aliichukua dola iliyokuwa ikipigwa kutoka kaskazini na kusini, akaigeuza kuwa dola inayoogopwa na majirani wote.

Wakorea humwita "Mkuu", heshima ambayo wameipa pia Sejong, mfalme wa karne ya 15 aliyebuni alfabeti yao.

Kwa haraka haraka:

- Jina la kuzaliwa: Damdeok
- Kuzaliwa: mwaka 374
- Kuanza kutawala: 391
- Kufariki: 412 au 413
- Baba: Mfalme Gogugyang
- Mrithi: mwanawe, Mfalme Jangsu

Goguryeo ilikuwa wapi?

Zama hizo hapakuwa na nchi moja inayoitwa Korea. Rasi ya Korea iligawanywa na falme tatu kubwa: Goguryeo kaskazini, Baekje kusini magharibi na Silla kusini mashariki. Kati ya Baekje na Silla kulikuwa na vijidola vilivyojulikana kwa pamoja kama Gaya.

Goguryeo ndiyo iliyokuwa na eneo kubwa zaidi. Sehemu ya ardhi yake leo ni Korea Kaskazini, na sehemu nyingine ni China. Mji wake mkuu ulikuwa hapo hapo Ji'an, kando ya Mto Yalu.

Kama umewahi kutazama tamthilia ya Jumong, basi tayari unamjua mwanzilishi wa dola hii. Jiwe la Gwanggaeto linaanza na habari zake, likimwita Chumo: mtoto wa mungu wa mbinguni na binti wa mungu wa mto, aliyezaliwa kutoka kwenye yai.

Alirithi dola yenye majeraha

Ili kumwelewa Gwanggaeto, lazima urudi nyuma kidogo.

Mwaka 342, jeshi la dola ya Yan ya Awali kutoka magharibi liliingia mji mkuu wa Goguryeo na kuuchoma. Halikuishia hapo. Lilifukua kaburi la Mfalme Micheon, likaondoka na maiti yake, likamchukua mjane wake na maelfu ya mateka.

Mwaka uliofuata, mtoto wa Micheon, Mfalme Gogukwon, alilazimika kupeleka zawadi tele ili arudishiwe mwili wa baba yake. Mama yake alibaki mateka kwa zaidi ya miaka 10.

Mwaka 371 pigo jingine likaja, safari hii kutoka kusini. Baekje iliishambulia Pyongyang, na Gogukwon akauawa vitani. Huyo ndiye babu yake Gwanggaeto.

Waliomfuata Gogukwon waliamua kujenga kwanza. Mfalme Sosurim aliupokea Ubuddha na kuanzisha chuo cha taifa mwaka 372, kisha akatoa sheria za dola mwaka 373. Mdogo wake, Gogugyang, ndiye aliyemwachia kiti Gwanggaeto.

Mfalme akiwa na miaka 18

Damdeok alipewa utawala akiwa na miaka 18. Hiyo ni kwa hesabu ya zamani ya Kikorea, ambapo mtoto huhesabiwa ana mwaka 1 tangu siku anayozaliwa.

Alijitangazia jina la zama zake mwenyewe: Yeongnak, yaani furaha ya milele. Kwa siasa za wakati ule, si jambo dogo. Mfalme aliyejiona mdogo mbele ya kaizari wa China alitumia jina la zama za kaizari huyo. Gwanggaeto hakutumia.

Hakukawia kuingia vitani. Mwaka 392 aliteka ngome 10 za Baekje, kisha akaigeukia ngome ya Gwanmi, iliyozungukwa na maji na magenge. Iliangushwa baada ya siku 20.

Baekje yapiga magoti

Vita kubwa ilikuja mwaka 396. Gwanggaeto mwenyewe aliongoza jeshi la majini kwenda kusini, akavuka Mto Han, ule unaopita Seoul ya leo, na kuuzingira mji mkuu wa Baekje.

Mfalme Asin wa Baekje alisalimu amri. Kwa mujibu wa jiwe, alitoa watu 1,000 na vitambaa 1,000, akaapa kuwa mtumishi wa Gwanggaeto daima. Goguryeo iliondoka na ngome 58 na vijiji 700. Ilimchukua pia mdogo wake Asin na mawaziri 10.

Cha kushangaza, hakumuua. Mfalme ambaye babu yake aliuawa na Baekje alikuwa na mfalme wa Baekje mikononi mwake, akamwacha hai na kiti chake.

Uamuzi huo ulimgharimu. Mwaka 397 Asin alimpeleka mwanawe, mrithi wa kiti, kwa watu wa Wa, yaani Wajapani wa zama hizo, ili kujenga urafiki. Mwaka 399 kiapo kilikuwa kimeshavunjwa.

Msaada kwa Silla haukuwa wa bure

Mwaka huo huo wa 399, Silla ilipeleka mjumbe kuomba msaada. Nchi yao ilikuwa imejaa askari wa Wa.

Mwaka 400 Gwanggaeto alituma askari 50,000, wa miguu na wa farasi. Wavamizi walifukuzwa hadi eneo la Gaya, kusini kabisa mwa rasi.

Silla iliokoka, lakini ikabaki chini ya kivuli cha Goguryeo. Tangu 392 ilikuwa imeshampeleka Silseong, mtu wa ukoo wa kifalme, kuishi Goguryeo kama dhamana. Alirudi kwao mwaka 401, na mwaka uliofuata akawa mfalme wa Silla. Majirani walielewa somo.

Goguryeo nayo ililipa. Jeshi likiwa kusini, dola ya Yan ya Baadaye ilivamia kutoka magharibi na kuteka ngome mbili. Gwanggaeto alijibu mwaka 402 kwa kuteka ngome ya Sukgun ndani ya ardhi ya Yan, na vita vikaendelea kwa miaka kadhaa.

Yan ya Baadaye ilianguka mwaka 407, na kiti kikashikwa na Gao Yun, ambaye babu yake alitoka Goguryeo. Mwaka 408 Gwanggaeto alimtumia wajumbe na kumtambua kama ndugu wa ukoo. Mpaka wa magharibi ukatulia bila upanga.

Kabla ya hapo, mwaka 395, alikuwa ameyapiga makabila ya wafugaji upande wa kaskazini magharibi na kurudi na makundi makubwa ya ng'ombe, farasi na kondoo. Mwaka 410 aliiendea Buyeo ya Mashariki, nayo ikanyenyekea.

Jumla kuu, kama ilivyochongwa: ngome 64 na vijiji 1,400. Ndiyo maana baada ya kifo alipewa jina Gwanggaeto, maana yake aliyeipanua ardhi kwa mapana.

Alikufa lini hasa?

Hapa vyanzo viwili vinapishana. Kwa hesabu ya jiwe, alifariki mwaka 412 akiwa na miaka 39. Samguk Sagi, kitabu cha historia kilichokamilika mwaka 1145, kinasema 413. Mwaka wa kuanza kutawala nao unatofautiana: jiwe linasema 391, kitabu kinasema 392.

Watafiti wengi hulipa jiwe uzito zaidi, kwa sababu lilichongwa miaka michache tu baada ya kifo chake. Kitabu kilikuja zaidi ya miaka 700 baadaye.

Jiwe lilisimamishwa kwa ajili ya walinzi wa makaburi

Wengi wanadhani jiwe hili ni la kusifu vita tu. Vita vimo, ndiyo. Lakini sehemu ndefu ya maandishi yake, yenye herufi takriban 1,775, inahusu jambo jingine kabisa: nani atalinda makaburi ya wafalme.

Zamani wafalme wa Goguryeo hawakuwekewa mawe ya maandishi makaburini, na walinzi wa kaburi moja walikuwa wakichanganywa na wa jingine. Gwanggaeto aliagiza kila kaburi la wazee wake liwekewe jiwe na kaya zinazolilinda ziandikwe. Kwa familia ambayo kaburi lake liliwahi kufukuliwa na maiti kubebwa, hofu hiyo inaeleweka.

Kwa kaburi lake mwenyewe, aliagiza walinzi wawe watu aliowateka vitani. Aliona watu wa zamani wa Goguryeo wangechoka na kudhoofika. Mwanawe Jangsu alihofia kwamba wageni hawataijua desturi, hivyo akachanganya: kaya 220 za waliotekwa na 110 za wenyeji. Jumla 330.

Jiwe linataja mahali kwa mahali kaya hizo zilikotolewa. Nyuma ya hesabu hizo kuna familia zilizong'olewa kwao na kupewa kazi ya kufagia kaburi la mtu aliyewashinda. Sheria ilikataza walinzi kuuzwa au kununuliwa, hata na tajiri. Muuzaji aliadhibiwa, na mnunuzi aligeuzwa mlinzi wa kaburi yeye mwenyewe.

Kwa nini jiwe linagombaniwa?

Goguryeo ilianguka mwaka 668, na kwa karne nyingi maana ya jiwe ilisahaulika. Liligunduliwa upya mwishoni mwa miaka ya 1870. Watu wa hapo walichoma uoto uliolifunika, wakaanza kutengeneza nakala kwa kubandika karatasi juu yake na kuipaka wino. Ili herufi zionekane vizuri na nakala ziuzike, walijaza chokaa palipochakaa.

Miaka ya 1880 ofisa wa jeshi la Japani aliondoka na nakala. Sentensi moja ikawasha moto. Inazungumzia Wa, mwaka 391, kuvuka bahari, na Baekje na Silla kufanywa watumishi. Baadhi ya herufi zimefutika.

Wasomi wa Japani walisoma kwamba Wa ndio waliozitawala falme hizo. Usomaji huo ulitumika kuhalalisha Japani kuitawala Korea, jambo lililotokea kuanzia 1910 hadi 1945. Wasomi wa Korea wamepinga, wakisema aliyeshinda katika sentensi hiyo ni Goguryeo.

Mwaka 1972, mwanahistoria Mkorea aliyeishi Japani, Lee Jin-hui, alidai kwamba jeshi la Japani lilibadilisha herufi kwa makusudi. Nakala za zamani zaidi, zilizotengenezwa kabla ya chokaa, zimewafanya watafiti wengi wasikubali dai hilo. Ila ubishi kuhusu maana ya sentensi haujaisha.

Kisha ukaja mvutano na China. Mwaka 2002 taasisi za China zilianza mradi wa utafiti ulioitazama Goguryeo kama sehemu ya historia ya China. Wakorea walikasirika kweli kweli. Julai 2004 UNESCO ilitangaza maeneo ya Goguryeo kuwa urithi wa dunia kwa mkupuo mmoja, ya China na ya Korea Kaskazini, kila nchi na orodha yake.

Kaburi lake lenyewe ni lipi?

Mtu aliyehangaika makaburi yasichanganywe, la kwake halijulikani kwa uhakika.

Yanashindana makaburi mawili ya Ji'an. La kwanza ni Taewangneung, lililo jirani na jiwe. Matofali yake yana maandishi ya kuliombea kaburi la mfalme mkuu liwe imara kama mlima, na mwaka 2003 ilipatikana hapo kengele ndogo ya shaba yenye jina Hotaewang, mojawapo ya majina ya sifa aliyopewa. La pili ni Janggunchong, piramidi ya mawe yenye ngazi 7.

Wengi wanaegemea Taewangneung, huku Janggunchong likidhaniwa kuwa la Jangsu. Tatizo ni kwamba sifa ya Hotaewang haikuwa yake peke yake.

Kumbukumbu nyingine ilitokea mbali zaidi. Mwaka 1946, katika kaburi moja la Gyeongju, mji mkuu wa zamani wa Silla, lilichimbuliwa bakuli la shaba lenye jina la Gwanggaeto na mwaka 415. Yaani lilitengenezwa baada ya kifo chake, likafika kusini kabisa.

Anakumbukwaje leo?

Jangsu alihamishia mji mkuu Pyongyang mwaka 427, na mwaka 475 aliuteka mji mkuu wa Baekje na kumuua mfalme wake, Gaero. Kile ambacho baba hakukifanya mwaka 396, mtoto alikifanya.

Jeshi la majini la Korea Kusini lina manowari yenye jina la Gwanggaeto Mkuu, iliyoanza kazi mwaka 1998. Televisheni ya KBS ilirusha tamthilia ya maisha yake mwaka 2011 na 2012.

Na wanaofanya mazoezi ya taekwondo ya mfumo wa ITF humtaja bila hata kujua. Moja ya mitindo wanayofundishwa huitwa Kwang-Gae, na ina miondoko 39. Idadi hiyo imetolewa kwenye tarakimu mbili za kwanza za mwaka 391, mwaka ambao kijana Damdeok alikalia kiti.