Je, Kambi Zetu Zawasaidia Vijana? Kisa cha Wavulana 506

 

Kabla hujafungua ukurasa wa mapishi ya futari, nipe dakika zako chache. Kila mwaka sisi vijana wa jumuiya hukaa kitako tukaandika ripoti. Waliohudhuria kambi ya Desemba ni kadhaa, sahani za wali ni kadhaa, pesa zilizotumika ni kadhaa, na mwisho twaandika kwamba vijana wamefaidika sana, alhamdulillah. Mimi mwenyewe nimewahi kuiandika ripoti hiyo, na hilo neno "wamefaidika" niliandika kambi ikiwa bado haijavunjwa, manake karatasi ilitakiwa Ijumaa. Nilijuaje? Sikujua. Niliwaona wakicheka na kucheza mpira, basi nikasema wamefaidika.

Halafu mwaka huu, chuoni, nikasomeshwa kisa kimoja kilichonitoa jasho. Nimeona nikuletee wewe kijana mwenzangu, na wewe mzazi unayetuamini na mwanao.

Kisa hiki ni cha Marekani, katika miji miwili iliyopakana, Cambridge na Somerville, jimbo la Massachusetts. Hapo karibu, mjini Boston, alikuwako daktari mmoja jina lake Richard Clarke Cabot. Huyu hakuwa mtu wa kukubali maneno matupu. Mwaka 1912 alichapisha uchunguzi wa maiti 3,000 zilizopasuliwa hospitalini, akalinganisha kilichoonekana ndani ya mwili na ugonjwa ambao madaktari walikuwa wameutaja mgonjwa akiwa hai. Mara nyingi madaktari walikuwa wamekosea, na usidhani wenzake walimshukuru! Baadaye akageukia watu wa huduma za jamii. Mwaka 1931, akiwa rais wa mkutano wao wa taifa, aliwaambia wazi kwamba kazi yao ni nzuri lakini hawajawahi kuipima, na ni lazima waipime.

Kisha akafanya alichowaambia wengine wakifanye. Aliandaa mradi wa kuwazuia wavulana wasiingie katika uhalifu. Majina yaliletwa na walimu, polisi na watu wa makanisa, ya watoto watukutu na ya watoto wa kawaida pia, wengi wao wakiwa na umri wa miaka kama kumi. Wavulana wakapangwa wawili wawili, kila jozi wakiwa wanafanana kwa umri, hali ya nyumbani, akili na mtaa wanaotoka. Halafu ikarushwa sarafu. Mmoja akaingia kwenye mradi, mwenziwe akaachwa aendelee na maisha yake kama kawaida, jina lake likabaki kwenye faili tu.

Hapo kwenye sarafu ndipo penye siri yote, kwa hivyo usipapite mbio. Mtoto akiingia kambini mtukutu akatoka mpole, utasema kambi ndiyo iliyomtengeneza. Lakini huenda alikuwa akikua tu! Wangapi katika mtaa wenu walikuwa hawashikiki darasa la saba, na leo ni watu wa heshima, na hakuna aliyewapeleka kambi yoyote? Pia huenda waliokuja kambini ni wale ambao wazazi wao wanawafuatilia, na hao wangenyooka hata bila sisi. Ukiwa na wawili wanaofanana, na sarafu ndiyo iliyoamua, visingizio hivyo vyote hupungua nguvu. Tofauti ikitokea baina ya makundi, una haki ya kuuliza kama mradi ndio ulioileta.

Kazi ilianza mwaka 1939, mwaka huo huo Cabot akafariki. Wenzake waliendelea hadi 1945, na waliobaki kwenye hesabu ni wavulana 506, nusu kwa nusu. Wala huu haukuwa mradi wa kupiga picha na kuondoka. Kila mvulana alipewa mshauri aliyemtembelea kwao wastani wa mara mbili kwa mwezi, kwa muda wa kama miaka mitano. Zaidi ya nusu walifundishwa masomo yaliyowashinda shuleni. Zaidi ya mia moja walipata matibabu. Wengi wakapelekwa kambi za likizo, wakaunganishwa na skauti na vilabu vya vijana, na familia zao zikashauriwa zilipokwama. Hebu niambie, ni jumuiya gani yetu imewahi kumfuata kijana mmoja kwa miaka mitano?

Matokeo ya kwanza yalitoka kwenye kitabu mwaka 1951. Wavulana waliosaidiwa na wale walioachwa walikuwa karibu sawa kwa makosa ya mahakamani. Mradi haukuwa umezuia kitu. Watetezi wake wakasema subirini, mbegu huchukua muda, wakiwa watu wazima mtaona.

Na kweli kuna aliyesubiri. Mtafiti mmoja, Joan McCord, alikuwa ameyasoma mafaili hayo tangu miaka ya 1950. Miaka ya 1970 akaanza kuwatafuta wale wavulana, ambao sasa walikuwa wanaume wa makamo. Yataka subira kazi hiyo. Alipekua kumbukumbu za mahakama, za hospitali za maradhi ya akili, za vituo vya walevi na za vifo, akawaandikia barua walio hai. Alipata habari za takriban asilimia 95 yao.

Aliwauliza waliokuwa kwenye mradi kama uliwasaidia. Thuluthi mbili walisema ndiyo. Wengine walisema wale washauri ndio waliowaelekeza njia, na kama si wao wangeishia jela. Lau McCord angekuwa mwandishi wa ripoti kama mimi, angeishia hapo, akafunga faili na kwenda kunywa chai.

Lakini yeye alikuwa na lile kundi la pili. Alipolinganisha, aliyoyachapisha mwaka 1978 yalikuwa haya. Waliofanya uhalifu walikuwa karibu sawa pande zote mbili, ila waliosaidiwa ndio waliorudia kosa zaidi. Dalili za ulevi zilikuwa nyingi zaidi kwa waliosaidiwa. Maradhi makubwa ya akili, vivyo hivyo. Kazi walizopata zilikuwa za hadhi ya chini kidogo, na waliokwisha kufa walikuwa wamekufa mapema zaidi. Katika hayo aliyoyapima hakupata hata moja ambalo waliosaidiwa waliwashinda wenzao.

Niliposoma hapo nilikifunga kitabu nikatoka nje. Sikwambii nilivyohisi.

Kwa nini yatokee hayo? McCord alitaja njia kadhaa. Huenda wavulana walizoea kubebwa, na siku mshauri alipoondoka wakawa hawana miguu yao wenyewe. Huenda walipandishwa matumaini ambayo maisha ya mtaani kwao hayangeweza kuyatimiza. Baadaye yeye na wenziwe waliangalia zile kambi za likizo, wakaona kwamba waliopelekwa kambi zaidi ya mara moja ndio walioharibikiwa zaidi. Katika makala ya mwaka 1999 walieleza wanavyodhani. Ukiwakusanya vijana wenye matatizo mahali pamoja, mchana watamsikiliza mwalimu, lakini usiku husikilizana wao kwa wao. Aliyeiba husimulia alivyoiba, wenzake wakacheka, na kicheko kile ni zawadi kuliko cheti chochote. Wewe uliyewahi kulala kwenye kambi, wajua taa zikizimwa huzungumzwa nini.

Nisikudanganye kwamba mjadala umekwisha. Watafiti wengine waliwafuata wanaume hao mpaka uzeeni, na katika kazi iliyochapishwa mwaka 2019 ile tofauti ya vifo haikuonekana tena. Wako pia wanaobishana kuhusu sababu zile. Lakini hakuna aliyetoka na ushahidi kwamba mradi uliwafaa wavulana wale, pamoja na juhudi zote, na pamoja na shukrani zao wenyewe.

Sasa najua kuna msomaji atakayeniambia, haya mambo ya kupima watu makundi kwa makundi ni ya Wazungu. Taratibu, ndugu yangu. Tabibu Abu Bakr al-Razi, aliyefariki kama mwaka 925, ameeleza katika kitabu chake al-Hawi jinsi alivyowatoa damu wagonjwa wa sirsam, yaani homa ya ubongo, na kundi jingine akaliacha kwa makusudi bila kulitoa damu, ili apate kujua. Hiyo ni zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Cabot! Lakini na mwisho wake tuuseme. Al-Razi aliona kutoa damu kunaokoa, na leo madaktari hawautibu ugonjwa ule hivyo. Hakupiga kura nani aingie kundi lipi. Wazo alikuwa nalo, sarafu ndiyo hakuwa nayo.

Na hapa kwetu Kenya? Tunayo mifano, tena mizuri. Mwaka 1996, katika wilaya za Busia na Teso wakati huo, shirika moja la misaada lilichagua shule 25 kati ya 100, likazipa vitabu vya kiada. Nani angepinga vitabu? Lakini watafiti walipolinganisha shule hizo na zile ambazo hazikupewa, wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wale wanafunzi waliokuwa juu tangu hapo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi kule Kiingereza ni lugha ya tatu. Kitabu kilifika dawatini, ila hakikufika kwa mtoto. Bila kulinganisha, picha ya watoto wameshika vitabu vipya ingetosha kwa gazeti na mfadhili.

Mfano wa pili wazazi waniwie radhi, lakini ni wa familia hasa. Mwaka 2004, magharibi mwa Kenya, mtafiti Pascaline Dupas alifanya kazi na shule za msingi 328. Katika baadhi, walimu walipewa mafunzo zaidi ya kufundisha somo la ukimwi la kitaifa, lile la kuwaambia vijana wajizuie mpaka ndoa. Mimba za wasichana hazikupungua. Katika shule 71 zilizochaguliwa kwa kura, wanafunzi wa darasa la nane walipewa mazungumzo ya dakika 40 tu, wakaonyeshwa takwimu za mji wa Kisumu kwamba wanaume wakubwa wana maambukizi mengi zaidi kuliko vijana wa rika lao. Mwaka uliofuata mimba katika shule hizo zilikuwa pungufu kwa asilimia 28. Mimi siamini kwamba mafunzo ya kujizuia yaachwe, hasha. Lakini binti alikuwa anaogopa yule kijana wa jirani, na hakuna aliyemwambia kwamba wa kuogopwa zaidi ni yule baba mwenye gari anayemnunulia chipsi. Sisi katika darsa zetu tumewahi kumwambia?

Nikarudi kwa wenzangu wa jumuiya na kisa changu. Walinicheka kwanza, wakaniita profesa. Kisha tukatoa daftari la kambi tukaona jambo ambalo kila mwaka liko mbele ya macho yetu: wanaoomba huwa karibu mara mbili ya nafasi tulizonazo. Basi tumekubaliana hivi. Desemba hii majina yote yatapigwa kura hadharani, msikitini baada ya Alasiri. Watakaokosa tutawaandika pia. Na Ramadhan ijayo, inshaallah, tutazitembelea nyumba za pande zote mbili, tuulize maswali yale yale: anasoma? anaswali? analala nyumbani? ameanza miraa? Tutauliza mama na mwalimu, si yeye peke yake. Vijana wale watukutu zaidi hatutawalaza chumba kimoja. Tuko wachache, na idadi yetu ndogo huenda isitupe jibu la uhakika. Angalau ripoti haitaandikwa kabla kambi haijavunjwa.

Mama mmoja aliposikia habari za kura alinijia juu. "Na mwanangu akikosa, mwanangu, ndiyo mumemtupa ili mumpime?" Nilimwambia, "Mama, nafasi ni zile zile. Hata zamani tuliwaacha watu, ila tuliowaacha ni wale ambao wazazi wao hawajuani na mwenye daftari." Alinyamaza kidogo, akaniangalia, akasema yeye mwaka juzi ndiye alikuwa hajuani na mwenye daftari.