Seti Zilipofika Entebbe

Mwaka 1962, miezi michache kabla Uganda haijapandisha bendera yake, wanahisabati na walimu kutoka Afrika, Marekani na Uingereza walikusanyika Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, kuandika vitabu vya shule. Aliyewaongoza alikuwa William Ted Martin, profesa wa MIT. Vitabu vikachukua jina la mji: Hisabati ya Entebbe.

Msukumo ulitoka angani. Oktoba 1957 Wasovieti walirusha Sputnik, Wamarekani wakashtuka, na fedha zikamwagwa kuandika upya masomo ya sayansi na hesabu. Lengo la hisabati hii mpya lilikuwa mtoto asikariri jedwali la kuzidisha tu, bali aelewe kwa nini hesabu zinakwenda zinavyokwenda. Mlango wa kuingilia ukawa nadharia ya seti, yaani mikusanyiko ya vitu, ambayo Georg Cantor aliianzisha Ujerumani katika miaka ya 1870, alipokuwa akipima ukubwa wa vitu visivyo na mwisho. Pamoja nayo ikaja miduara inayoingiliana, ambayo John Venn wa Cambridge aliieleza mwaka 1880.

Shuleni mambo hayakuwa mepesi. Mwalimu aliyezoea riba, faida na hasara alijikuta ubaoni na seti tupu, muungano na makutano, na namba za vizio vigeni: 212 katika kizio cha tatu ni 23 ya sokoni, yaani ya kizio cha kumi. Wengi waliandaliwa kwa semina fupi. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza. Mzazi aliyewahi kusoma, aliyekuwa akimwelekeza mwanawe jioni, alilifungua daftari asione hesabu anayoijua.

Manung'uniko yaliongezeka, na mwaka 1981 agizo la rais likaifuta hisabati mpya katika shule za Kenya. Seti zilibeba lawama nyingi, na hapo zilionewa. Kosa lilikuwa kumtwisha mwalimu somo ambalo yeye mwenyewe hakupewa muda wa kulisoma.

Seti hazikuondoka. Nchini Tanzania, muhtasari uliotumika kwa miaka mingi uliziweka kidato cha pili, mwaka uleule mwanafunzi aliposoma takwimu, na jirani hawa wawili wanafaana sana: kabla ya kuhesabu watu, lazima ujue nani yumo na nani hayumo. Swali la seti linafahamika kwa kila aliyepita hapo. Darasa lina wanafunzi 40. 25 wanacheza mpira wa miguu, 20 netiboli, 8 wanacheza yote mawili. Wangapi hawachezi?

Anayejumlisha kwa pupa anapata 45, wachezaji wengi kuliko darasa lenyewe. Anafuta. Anachora mstatili, ndani yake miduara miwili, anaanza katikati na 8, kushoto anaandika 17, kulia 12. Jumla 37. Wale watatu waliobaki anawaandika pembeni, nje ya miduara lakini ndani ya mstatili, kwa sababu nao ni wa darasa hilo.