Dhamana Ivukayo Lango: Usalama wa Wanafunzi wa Chuo Kikuu Mjini Kakamega

Mzazi ampelekapo mwanawe chuoni hukabidhi pamoja na karo amana iliyo kubwa kuliko karo, nayo ni uhai, siha na heshima ya kijana ambaye aghalabu hajapata kuishi hata mwezi mmoja nje ya ulinzi wa jamaa zake au wa walimu wa shule ya bweni. Amana ya namna hiyo haina saa za kazi. Makala haya yanakusudia kuichunguza kwa kutazama Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichoko mjini Kakamega, na yanashikilia hoja moja: kwamba usalama wa wanafunzi katika chuo cha mjini hauna budi kupimwa kuanzia kitanda alalapo mwanafunzi, wala si kuanzia lango alindalo bawabu, na maadamu kipimo chetu kinaendelea kuwa lango, fedha zitatumika, kuta zitainuka, naye kijana atabaki na hatari yake.

Hali ya leo haifahamiki bila ya historia yake. Chuo hiki kilizaliwa katika miaka ya 1970 kwa jina la WECO, kikiwa mojawapo ya vyuo vya ufundi vilivyojengwa kwa harambee, wananchi wa mkoa wa Magharibi wakichanga walichojaaliwa ili vijana wao wapate maarifa ya kazi karibu na nyumbani. Mwaka 2002 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2007 kikasimama peke yake, chuo kikuu cha saba cha umma nchini Kenya, kikibeba jina la mwanasiasa mashuhuri wa Magharibi aliyefariki mwaka 1992. Makao yaliyokusudiwa wanafunzi wachache wa ufundi yakarithishwa maelfu ya wanafunzi wa shahada, na mji mdogo uliokuwa makao makuu ya mkoa ukajikuta umekuwa bweni lao.

Jambo hili halikutukia Kakamega peke yake. Katika zama za mwanzo za Makerere na Nairobi, kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kulikuwa ni kulala chuoni: kitanda, chakula na mlinzi vilihesabiwa kuwa sehemu ya elimu yenyewe, na gharama yake ikabebwa na serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mzigo huo ulianza kuhamishiwa mabegani mwa mwanafunzi na mzazi wake kwa sera ya kugawana gharama, na mwaka 1995 ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Kisha, kati ya mwaka 2012 na 2013, vyuo vikuu vya umma vikaongezeka kutoka 7 hadi 22. Madarasa yalitanuka kwa kasi ambayo mabweni hayakuweza kuifuata, na kijana aliyekosa nafasi ndani ya ua akaambiwa, kwa maneno au kwa kimya, kwamba malazi ni shauri lake. Ninadai kwamba hapo ndipo dhamana ilipokatika vipande viwili, kimoja kikabaki chuoni na kingine kikaangukia njiani pasipo mtu wa kukiokota.

Nani basi hukaa njiani hapo? Wanafunzi wengi wa Masinde Muliro hupanga vyumba katika mitaa inayokizunguka chuo na ile iliyoelekea katikati ya mji: Lurambi, Kefinco, Sichirai, Amalemba. Kakamega imekaa karibu mno na ikweta, hata giza huingia mwaka mzima karibu na saa moja ya jioni. Tena ni nchi ya mvua nyingi, ipatayo takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyo hupenda kuja alasiri pamoja na radi, na mara nyingi ikaondoka na stima. Mwanafunzi atokaye maktabani saa tatu ya usiku huvuka barabara ya Webuye yenye malori na bodaboda, akaingia kichochoro kilichopita kati ya ua wa michongoma na shamba la mahindi, mahali ambapo taa ndefu za mlingoti ziitwazo mulika mwizi, zilizosimamishwa kwenye njia panda kubwa, hazifikishi mwanga wake. Hutoa simu yake ili imwangazie matope. Simu hiyo ndiyo taa yake, na ndiyo mkoba wa fedha zake za M-Pesa, na ndimo yalimo maandishi yake ya muhula mzima. Nayo ndiyo mali hasa anayoitafuta mwizi aliyejibanza gizani, ambaye sasa anaiona ikija kwa mbali. Kila anachokifanya kijana huyu ili aepuke hatari moja humfunulia nyingine, na katika safari hiyo fupi hakuna hata mmoja awezaye kuulizwa: bawabu amemaliza kazi yake alipomwona akitoka, polisi hawajaitwa, na mwenye nyumba hulala kwake.

Itasemwa kwamba vyuo vyetu havikulala, na kwamba tangu mwaka 2015 vimefanya juhudi kubwa. Ni kweli, na sababu yake ni kubwa. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili mwaka huo wapiganaji wa Al-Shabaab walikivamia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi waliokutwa mabwenini au katika sala ya asubuhi. Baada ya msiba ule vyuo kote nchini viliongeza walinzi, vikakaza ukaguzi wa vitambulisho, vikapekua mifuko na magari langoni. Hakuna mwenye insafu atakayelaumu tahadhari hiyo. Lakini matukio mawili ya mwaka huo huo yalikuwa na funzo ambalo halikusikilizwa kwa makini. Tarehe 12 Aprili, siku kumi tu baada ya Garissa, transfoma ya umeme ililipuka karibu na mabweni ya bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wakadhani ni shambulio, wakakanyagana na kuruka kutoka ghorofani, mmoja akafa na zaidi ya mia wakajeruhiwa. Na tarehe 30 Novemba, katika Chuo Kikuu cha Strathmore, zoezi la kuigiza shambulio liliwapata watu wengi wasiojua kuwa ni zoezi, wakajitupa kutoka madirishani, na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha. Katika misiba hii miwili hapakuwa na adui yeyote. Kilichoua ni hofu isiyo na maarifa, na hofu ya namna hiyo haizuiliwi na ukuta, bali huzuiliwa na watu waliofundishwa mapema wapite wapi, wamsikilize nani, na mlango upi uko wazi.

Mlango ulio wazi ni mas'ala yanayostahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa hapo ndipo usalama wa aina moja hugombana na usalama wa aina nyingine. Chumba cha ploti apangishwacho mwanafunzi huwa na mlango mmoja wa chuma wenye komeo na kufuli, na dirisha moja lililotiwa nondo zilizochomelewa fremuni. Ndani, jiko la gesi au koili ya umeme husimama hatua mbili kutoka kitandani. Mwenye nyumba huzitaja nondo hizo kuwa sifa ya nyumba yake, naye mpangaji huzilipia kwa furaha. Lakini nondo hazibagui kati ya mwizi ajaye na mlalaji atokaye. Nchi hii imekwisha kulipa kwa ujinga huo: mwaka 1998 wasichana 26 waliteketea katika bweni la shule ya Bombolulu, na mwaka 2001 wavulana 67 wakateketea katika shule ya Kyanguli, ambako madirisha yenye nondo na mlango uliofungwa viliwazuia kujiokoa. Na Kakamega yenyewe haihitaji kuambiwa habari za njia finyu ya kutokea, kwani tarehe 3 Februari 2020 watoto 14 wa Shule ya Msingi ya Kakamega waliangamia katika msongamano wa ngazi walipokuwa wakitoka madarasani. Nondo zinazofunguka kwa ndani ni kazi ndogo kwa fundi yeyote wa kuchomelea vyuma mjini. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mwenye nyumba kwamba hapangishi mwanafunzi bila ya hizo.

Kuna hatari nyingine ambayo kipimo cha lango huificha kabisa, kwa kuwa huishi pande zote mbili za lango. Mwanafunzi wa kike hutishwa na mgeni wa kichochoroni, na pia na mtu amjuaye: mpenzi aliyekataliwa, jirani wa ploti, na pengine mtu mwenye mamlaka juu ya alama zake. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 imeyataja makosa haya waziwazi, hata la mwenye cheo kutumia cheo chake. Lakini sheria haimfikii aliyenyamaza, na aliyedhulumiwa hunyamaza pindi aonapo kwamba wa kumsikiliza ni rafiki wa aliyemdhulumu, au kwamba atakaloulizwa kwanza ni alikuwa akifanya nini nje saa ile. Chuo kinachosema kuwa hakina malalamiko hakijathibitisha usalama. Huenda kimethibitisha woga tu.

Dhidi ya hoja hii huletwa pingamizi tatu, nazo zastahili kujibiwa kwa adabu. Ya kwanza husema kwamba mwanafunzi ni mtu mzima, naye achague pa kukaa. Ni mtu mzima, naam. Lakini uchaguzi wake hubanwa na fedha za mkopo zichelewazo na ratiba ya masomo asiyoipanga yeye, na anayepanga darasa limalizike usiku ameshiriki kuchagua njia atakayorudia mwanafunzi. Pingamizi ya pili ni ya fedha: mabweni ni ghali. Hapa mfano wa Dar es Salaam unatufaa pande zote mbili. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mabweni ya Magufuli, majengo 20 yenye nafasi 3,840, ikabainika kwamba serikali ikitia nia hujenga; lakini idadi kubwa kama hiyo haikuwatosha wanafunzi wote, na mji ukaendelea kupangisha. Basi tujenge, na huku tukijenga tuwalinde walioko nje, kwa sababu watakuwako siku zote.

Pingamizi ya tatu ni ya mamlaka, nayo ndiyo nzito: kwamba chuo hakina hukumu nje ya ua wake. Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, hata hivyo, nje ya ua si jangwa lisilo mwenyewe. Kifungu cha 29 kinamhakikishia kila mtu usalama wa nafsi yake, na Jedwali la Nne linaikabidhi serikali ya kaunti taa za barabarani, mipango ya makazi, huduma za zimamoto na udhibiti wa maafa; polisi wakabaki chini ya serikali ya taifa. Wenye wajibu wapo, tena wametajwa kwa maandishi. Walichokosa ni meza moja ya kukaa pamoja, na anayestahili kuwaita mezani ni chuo, kwa kuwa ndicho kilichowaleta vijana hao mjini.

Mezani hapo yako mambo ambayo hayahitaji miujiza. Chuo kiweke daftari la nyumba zilizokaguliwa, lenye masharti machache ya wazi: nondo zifungukazo kwa ndani, taa ya nje, maji na choo ndani ya ua, na kwa kuwa wapangaji ndio riziki ya mwenye nyumba, daftari hilo litasomwa kuliko amri. Kaunti iweke taa ndogo katika vichochoro vya Lurambi na Sichirai wapitamo watembeao kwa miguu, si katika njia panda peke yake. Waendeshaji wa bodaboda wa steji za langoni waandikishwe na wavae namba zisomekazo, ili wawe mashahidi na walinzi badala ya kuwa washukiwa. Ratiba za jioni zipangwe kwa kukumbuka saa moja ya magharibi. Malalamiko ya dhuluma yapokelewe na watu wasio chini ya idara ya mlalamikiwa. Na kila mwaka chuo kichapishe hesabu ya matukio ya ndani na ya mitaa ya jirani, kama vyuo vya Marekani vilazimishwavyo na sheria ya Clery ya mwaka 1990, ambayo leo haiishii majengoni bali huingiza pia barabara na viwanja vya umma vinavyopakana navyo. Chuo kitakachochapisha kwanza kitaonekana kuwa na hatari kuliko vingine, nacho kitakuwa kimesema kweli.

Fauka ya hayo, Masinde Muliro kina utajiri ambao vyuo vingi havina: skuli inayofundisha usimamizi wa maafa na misaada ya kibinadamu. Wanafunzi wa skuli hiyo husafiri kwenda kusoma mafuriko ya Budalang'i na ukame wa mbali. Itakuwa taksiri kubwa ikiwa elimu hiyo haitatumiwa kuchora ramani ya vichochoro vya mitaa wanamolala wenyewe, na kufundisha mazoezi ya dharura yasiyoua mtu.

Wananchi wa Magharibi walichanga fedha zao chuo hiki kisimame; wanaendelea kutoa watoto wao. Haki yao ni kupata jibu moja kutoka kwa Baraza la Chuo, kwa Gavana na kwa wenye nyumba: usiku wa leo, baada ya taa za maktaba kuzimwa, ni nani mwenye dhamana ya kijana huyu mpaka afike kitandani? Jibu hilo liandikwe, litiwe saini, lijulikane kwa kila mzazi kabla ya muhula ujao kuanza.